Nyumba ya magurudumu yatafuta pa kulala

Ndugu msomaji, umepata kumpokea mgeni aliyekuja na nyumba yake mwenyewe? Mgeni wa kawaida tunamjua. Hushuka kituoni Mbezi na begi lake na kuku wawili wa zawadi, watoto wakahamishiwa mkekani, yeye akapewa kitanda, mambo yakaisha. Lakini mgeni ambaye kitanda, jiko, choo na tangi la maji amevipandisha juu ya magurudumu sita, na ambaye haombi kwako ila kipande cha ardhi cha kusimama, huyo ni mtihani wa namna nyingine. Mtihani huo ulimfika jirani yangu wa Ilala miezi michache iliyopita, nami kwa kuwa mdomo wangu ni mwepesi wa kuahidi, nikajikuta mtahiniwa mwenziwe.

Jirani huyo ni muuguzi. Miaka mingi iliyopita alikwenda Uholanzi kuongeza masomo, na kwa muda wa miaka miwili akalala katika nyumba ya mwalimu mmoja na mkewe ambao hawakumdai hata senti moja ya pango. Sasa wazee hao wamestaafu. Walinunua lori kuukuu, wakajenga juu yake chumba chenye madirisha, wakalipakia melini hadi Cape Town, na kutoka huko wakapanda kaskazini taratibu, mji baada ya mji, hadi walipovuka mpaka wa Tunduma. Walimpigia simu kutoka Mikumi. Walisema wana siku nne za kukaa naye kabla ya kuendelea na safari, na kwamba springi moja ya nyuma imevunjika jani, hivyo wangependa pia kufika Kariakoo kutafuta spea.

"Walinilaza miaka miwili," aliniambia jirani yangu usiku ule barazani, "nami nishindwe kuwalaza siku nne?"

Yeye mwenyewe amepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Mtaa wetu una upana wa kupishana bajaji mbili, nayo moja lazima ipande kibarazani. Tulimwita mjumbe wa shina, akaupima mtaa kwa hatua zake, akatazama matawi ya mwembe ulio pembeni mwa madrasa, akatikisa kichwa. Nikamwambia muuguzi asihofu. Jiji lenye bandari kubwa kama hii, linalopitiwa na malori usiku na mchana, litakosaje mahali pa kuegesha lori moja zaidi?

KAMBA YENYE MAFUNDO

Niliwakuta wazee hao Kibaha, Jumapili kabla ya mapambazuko. Tulichagua saa hiyo kwa makusudi, barabara ikiwa tupu. Gari lao lilikuwa na urefu wa mita 9 na nusu, upana wa mita 2 na nusu, kimo cha mita 3 na sentimeta 60, na uzito wa tani 12. Mzee alizitaja tarakimu hizo kama mtu atajaye umri wa wanawe. Kisha akatoa chini ya kiti kamba ya katani yenye mafundo mawili.

Fundo la kwanza lilikuwa urefu wa gari. La pili lilikuwa mbele zaidi, nalo likaonyesha nafasi ya kugeuza. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila dereva wa gari kubwa analijua na sisi abiria hatulifikirii: mahali pa kusimama si tatizo kubwa kama mahali pa kuingilia. Gari refu linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata ndani, yakapanda ukingo wa barabara au mguu wa muuza machungwa. Wakati huohuo mkia, yaani sehemu iliyozidi nyuma ya magurudumu, hujitupa nje upande wa pili na kugonga ukuta ambao dereva amekwisha kuupita na kuusahau. Kwa hiyo uwanja wa mita 10 hautoshi gari la mita 10. Huhitaji mara mbili yake, tena bila mti katikati.

Alinieleza kuwa Ulaya na Marekani msafiri wa nyumba ya magurudumu huuliza urefu kabla hajauliza bei. Katika hifadhi za taifa za Marekani kambi nyingi zilijengwa miaka ya 1930, wakati familia ilisafiri na gari dogo na hema. Vijia vyake viliviringishwa kati ya miti ili mtu asimwone jirani yake. Leo wako wanaokuja na magari ya mita 12, na miti ile imenenepa. Kwa sababu hiyo kila nafasi imeandikiwa urefu wake, na asiyesoma hulazimika kurudi kinyumenyume huku kambi nzima ikimtazama.

Na huku kwetu? Katika hifadhi zetu za taifa ziko kambi za umma, na wazee hao walikuwa wamelala katika kambi ya namna hiyo Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati yake. Walisifu ukimya wake, wakasifu tembo waliowaona kwa mbali. Ila mzee alicheka akisema kwamba getini waliulizwa uzito wa gari, kwa kuwa ada ya gari hufuata uzito; urefu hakuna aliyeuuliza. Nadhani jambo hilo lina sababu yake. Kule nyikani nafasi ni tele, na kinachoumia ni barabara. Mjini ni kinyume chake.

JANGWANI MPAKA KARIAKOO

Tulipoteremka Magomeni na bonde la Msimbazi likafunguka mbele yetu, mzee akapunguza mwendo mara moja. Nani asingepunguza? Ni tambarare, ni pana, Kariakoo iko hatua chache mbele. Kamba ilikwisha kuwa mkononi mwake. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha bajaji yake alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, shikamoo. Hapa mvua ikinyesha Kisarawe, wewe unaogelea hapa."

Alisema kweli. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, na maji yake hayangoji mawingu ya mjini. Wakazi wa bonde hili hawajasahau Desemba 2011, mafuriko yalipochukua roho za watu na nyumba zao. Ndugu msomaji, ukiona mjini mahali papana, tambarare, karibu na soko, na hakuna mtu aliyejenga wala kufungua kioski, usiseme umebahatika. Uliza kwanza.

Tukakunja kulia pale Faya, penye kituo cha Zimamoto, tukaingia Msimbazi, barabara ambayo katikati yake imetengwa kwa mabasi ya mwendokasi, nasi tukabaki na ukanda mwembamba wa pembeni. Mitaa ya Kariakoo imenyooka kama mistari ya daftari. Tatizo si unyoofu. Mtaa wa Mkunguni asubuhi ile ulikuwa na mikokoteni, maguta, meza za wamachinga zilizofunikwa turubai, na juu ya hayo yote nyaya, mabango na vibaraza vya ghorofa vilivyochomoza. Mama Mholanzi alishuka akatembea mbele, shingo juu, mkono mmoja umeinuliwa kama anayeomba dua. Tulipita nyaya mbili. Ya tatu ilikuwa chini mno, tukarudi nyuma.

Nafasi za kuegesha zilizochorwa kwa rangi nyeupe kando ya barabara zimekatwa kwa kipimo cha gari dogo. Tulijaribu kuchukua mbili kwa mpigo, nasi tukiwa tayari kulipia zote mbili, lakini mwenye duka mbele yake akatuambia kwa upole kuwa mzigo wake hushushwa usiku. Alikuwa na haki. Wengi wetu tunaiona Kariakoo ya mchana tu. Ile ya usiku ni ya malori na wachukuzi, nafasi ile ile ikifanya kazi zamu ya pili.

Nilipokuwa nimesimama pale nikakumbuka jambo ambalo lilinifanya nione haya kidogo. Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi! Waingereza walipouteka mji huu Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walikiweka hapa kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalisaga jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Watu waliotolewa vijijini kwa nguvu walilala katika ardhi hii kabla ya kubebeshwa risasi na unga kwenda kusini, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Na kabla yao, misafara iliyoshuka pwani kutoka Unyamwezi ilituama Bagamoyo, ambako mpagazi alitua mzigo wake wa yapata kilo 30. Soko kuu tulionalo leo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo moto uliliunguza Julai 2021, limesimama juu ya malazi ya wasafiri. Mpagazi alihitaji nini? Maji, kuni, ardhi kavu, na usalama wa mzigo. Mzee wa Uholanzi hakuhitaji zaidi ya hayo, ila kuni.

Mnazi Mmoja hatukusimama. Miti ina kivuli kizuri, lakini pale ni mahali pa kumbukumbu za Taifa, si pa kuanika nguo. Kwenye mzunguko wa Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita ile, mkia wa gari ulipita mbali na ukingo kwa kiasi cha shubiri moja. Nililihesabu hilo kuwa heshima zetu kwa marehemu. Tukateremka Kivukoni.

MAJI YA KUPWA

Wasafiri wa aina hii wakifika Dar es Salaam aghalabu huvuka kwenda Kigamboni, wakalala ufukweni chini ya mivinje. Nami ndilo wazo nililolificha mfukoni kama karata ya mwisho. Bahari ilikuwa ya bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa. Mwambao wetu una maji yanayopanda na kushuka yapata mita tatu siku za bamvua, kwa hiyo mteremko wa kuingilia pantoni hubadilika kutwa. Maji yakijaa, gari huingia karibu sawasawa. Yakikupwa, pua huinama, mkia mrefu hukwaruza zege. Kijana muuza samaki alitutazama, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya gari, akasimama na kutangaza kwamba tungoje hadi alasiri au twende darajani.

Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na halijali kupwa wala kujaa. Njia ilikuwa wazi basi. Nikampigia simu muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, kumwambia kuwa tumepata. Alinyamaza. Kisha akasema, "Wageni wangu wakalale ng'ambo kama watu wasio na mwenyeji? Mimi nitawapelekea saa ngapi chakula?" Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Mzee hakuelewa maneno, ila sauti aliielewa. Akaizima injini.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori aliyekuwa amekuja kununua samaki, mtu wa Makambako, akiwa na mwanawe wa miaka miwili begani. Aliizunguka ile nyumba ya magurudumu, akapiga matairi kwa kisigino, akauliza urefu. Alipojibiwa mita 9 na nusu akacheka kwa wema. "Hicho ni kichwa tu, mwandishi. Mimi natembea na kontena la futi 40 nyuma. Njooni Kurasini."

YADI

Kontena la futi 40 lina zaidi ya mita 12. Ongeza na kichwa cha gari, upate kiumbe ambacho mzee wetu angehitaji kuinyoosha kamba yake karibu mara mbili. Watu wa kuulizwa habari za kulaza gari kubwa katika jiji hili walikuwa hao, nasi tulizunguka nusu siku tukiwauliza wengine.

Yadi ile, ambayo sitaitaja jina, ni uwanja wa kokoto uliozungushiwa ukuta, wenye geti pana, mlinzi, bomba la maji, choo, na mama lishe mmoja mwenye sufuria tatu. Ada ya usiku mmoja haikuzidi bei ya chakula cha watu wawili mkahawani. Utingo wa yule dereva, kijana asiyezidi miaka ishirini, alichukua nafasi yake nyuma ya gari: "Lete... lete... kata kulia... bado... lete... hapo hapo!" Mzee, ambaye lugha hiyo hakuijua, aliifuata kama mwanafunzi. Kamba haikutoka chini ya kiti.

Ndani ya malori yale mna maisha. Nyuma ya kiti cha dereva mna kitanda chenye pazia. Mna jiko dogo, ndoo, picha za watoto, kalenda. Sisi tuliistaajabia nyumba ya magurudumu ya Wazungu kana kwamba ni ajabu ya dunia, na kumbe zimejaa Kurasini. Mke wa dereva alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Makambako na mtoto kwa sababu mumewe hupita nyumbani kwao usiku na mzigo, akipiga honi tu. Akitoka hapa huenda Tunduma, huvuka Zambia, husimama foleni ya Kasumbalesa kuingia Kongo, kisha hugeuza. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa katika foleni hiyo. Sasa mzigo umechelewa hati zake bandarini, na ucheleweshaji ambao mwenye mali anaulaani, kwao umekuwa likizo. Siku tatu wamekaa wote watatu ndani ya kichwa cha lori.

Njia hiyo ina historia yake. Baada ya Smith na walowezi wenzake kujitangazia uhuru Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilinyimwa mafuta, na malori yakaanza kuyabeba mapipa kutoka bandari hii kupitia barabara ya udongo iliyokuja kuitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali zetu mbili zikashiriki kuunda kampuni ya malori ya Zambia-Tanzania Road Services. Mwaka 1968 bomba la mafuta likafika Ndola. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa. Madereva wa kwanza walilala chini ya malori yao, na kokoto zikiwa mto. Miaka mingi imepita, lami imetandikwa, na bado dereva akifika mwisho wa safari katika jiji hili malazi yake ni yadi ya mtu binafsi, ikiwa anayo fedha na ikiwa ina nafasi.

Ikiwa haina, ndugu msomaji, wewe mwenyewe umeona. Pita Barabara ya Mandela usiku. Lori limesimama nusu barabarani nusu mtaroni, halina taa, pembetatu ya kuakisi haipo au imeibwa, dereva amelala. Nyuma yake inakuja pikipiki ya mfanyakazi anayerudi zamu. Nyumba za jirani hulalamika kuhusu moshi na haja ndogo ukutani, na wana haki. Dereva naye anauliza aende wapi, naye ana haki. Mizigo mingine sasa yaelekezwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, na reli mpya itapunguza mingine, hayo ni mema. Lakini lori halitakwisha kesho. Sisi tunaosoma ramani za mipango miji zinapobandikwa ofisi ya kata, tutazame kama kuna mahali palipoandikwa kuwa gari la mita 18 litaingia, litageuka na litalala. Kipimo hicho hakigharimu kitu kikiwa bado ni penseli.

Jioni ile muuguzi alifika kwa daladala na hotipoti mbili, ya pilau na ya mchuzi wa samaki. Alipowaona wazee wake hakusema neno, alimkumbatia yule mama kwa muda mrefu hata mlinzi akageukia upande mwingine. Mkeka ukatandikwa kati ya magari mawili. Mke wa dereva akaleta kachumbari. Mzee akaonyeshwa namna ya kula kwa mkono, akakumbusha kuwa katika nyumba yake ni yeye aliyemfundisha muuguzi kuendesha baiskeli, na kwamba yeye hakumcheka. Muuguzi alikuja hivyo jioni nne mfululizo. Siku ya pili jani la springi lilipatikana Gerezani, utingo akalibeba begani kwa sababu gari lisingefika, na fundi akalifunga palepale yadini.

Waliondoka siku ya tano alfajiri, kabla ya msongamano, kuelekea Chalinze. Kabla ya kuagana mzee alimpa utingo ile kamba. Kijana akaitandaza kando ya lori lake, ikaishia kabla ya mwisho wa kontena, na watu wote wa yadini wakacheka. Dereva wa Makambako alikuwa bado anangoja hati. Muuguzi alibaki getini na hotipoti zake mkononi, akihesabu vifuniko. Kimoja kilikuwa kimeondoka na wageni.